Pembe za kitenge kwenye sketi: kwa fundi anayeanza

Fundi mpya akiletewa sketi nyeusi ya kupachikwa pembe za kitenge pindoni, yaani vipande vya pembetatu vya kuipanua, huanza kuumiza kichwa na rangi. Rangi mteja atakuchagulia mwenyewe, tena kwa kung'ang'ania. Kazi iko kwenye ncha, pale juu pembetatu inapoishia. Washonaji wa kanzu wanapanua ubavu kwa taharizi, kipande kinachoongezwa ubavuni, lakini kitambaa chao ni kilekile, kasoro inajificha. Pembe yako ina maua mekundu juu ya weusi, kasoro inaonekana.

Fua vitambaa vyote kwanza, kila kimoja peke yake. Kitenge kipya cha pamba kina wanga, na kikiingia maji kinarudi, yaani kinapungua; sketi ikiwa ya poliesta, hairudi. Ukiviunganisha bila kufua, pembe zitavuta pindo juu. Kitenge kikiwa bado kibichi kwa maji, kisugue kwa kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, usikitie kwenye nguo nyeupe hata mteja anune.

Unapokata, uzi wa kitambaa, ule uliofumwa kwa urefu wake, upite katikati ya pembetatu, toka nchani hadi chini, ili pande zote mbili ziwe na mshazari sawa. Ukibana vipande ili kuokoa kitenge, upande mmoja utavutika na pembe italala.

Sasa ncha. Anzia kwenye mshono wa ubavuni. Kuchana kitambaa kizima katikati kusubiri mkono ukomae. Shona ubavu kutoka kiunoni, uishie pale ncha itakapokaa, urudi nyuma kidogo kuufunga. Kwenye kitenge weka nukta ya chaki, nusu inchi kutoka kila ukingo. Piga bandi, mshono wa muda wa kushikiza. Kisha anza kwenye nukta, shuka mpaka pindoni. Kata uzi, rudi kwenye nukta, shuka upande wa pili. Usipande upande mmoja na kuzunguka ncha kwa mshono mmoja, utapata kikunjo ambacho pasi haikitoi. Kitenge kikae chini, sketi juu: meno ya cherehani yatakusanya ule ulegevu wa mshazari.

Pasi ilaze mshono upande wa sketi, weusi usionekane chini ya kitenge.

Pindo usilikunje siku hiyo. Itundike sketi usiku kucha, maana mshazari hushuka, kisha pima upya kutoka sakafuni mteja akiwa ameivaa. Akiidai jioni ileile kwa sababu ana harusi, mwambie mapema kwamba pindo litakuja kuning'inia, na kwamba kulirekebisha kuna malipo yake.