Hojaji haipimi kujifunza, someni kazi za wanafunzi

Hiyo hojaji usiisambaze!

Umeandika kwamba idara yenu, katika chuo kikuu cha Wajesuiti (shirika la watawa Wakatoliki), itawauliza wanaohitimu kama masomo yamewafanya "watu kwa ajili ya wengine", yale maneno ya 1973 ya Padre Pedro Arrupe, aliyekuwa mkuu wa shirika hilo. Tena unauliza mnunue mfumo gani wa kompyuta wa kukusanya majibu.

Kamati niliyokuwemo iliuziwa wazo hilohilo na mshauri aliyelipwa vizuri. Karibu kila mhitimu akaweka alama kwenye "nakubali kabisa". Kijana anayesubiri joho angejibu nini kingine? Ripoti ikajaa majedwali. Wakaguzi wa ithibati, wanaothibitisha ubora wa vyuo, wakairudisha: walitaka kuona mwanafunzi anaweza kufanya nini, na kazi za mwaka mzima zilikuwa zimeshatupwa. Yule mshauri akaacha kupokea simu. Hadi leo nina hasira naye, maana alijua fika kwamba maoni si ushahidi.

Na Wajesuiti hawakuanza jana kupima wanafunzi! Ratio Studiorum, mpango wao wa masomo wa 1599, ina kanuni za mtihani wa kuandika. Mwongozo wao wa ufundishaji wa 1993 una hatua tano: muktadha, uzoefu, tafakuri, tendo, tathmini. Tafakuri ya mwanafunzi ipo kwenye karatasi, isomeni.

Mwanafunzi mmoja aliyehudumia wazee alijaza kurasa mbili za "niliguswa sana". Mwenzake alieleza jinsi mzee alivyokataa kusaidiwa kujaza fomu. Akajiuliza kwa nini fomu ile imhitaji msaidizi hata kidogo, akaketi akaandika upya maelezo ya fomu hiyo kwa lugha nyepesi. Kwenye hojaji hao wawili wako sawa. Kwenye karatasi mmoja amefika kwenye tendo, mwingine bado yuko kwenye uzoefu.

Chukueni kazi kadhaa za mwaka wa mwisho, ondoeni majina, walimu wawili wasome kila mmoja kivyake kwa rubriki moja (orodha ya vigezo vya kutoa alama), kisha wakutane wabishane pale alama zilipopishana. Msipime imani ya mtu wala machozi yake. Angalieni kama ametoka kwenye tukio akafuata chanzo chake mpaka kwenye uamuzi. Alama ya jumla ya somo nayo haitoshi, kwani mara nyingi imechanganywa na mahudhurio na adhabu za kuchelewesha kazi. Na anzeni kuhifadhi kazi hizo muhula huu huu, kabla ya kikao chochote cha ripoti.