Kutoka Lamu hadi Shelisheli kwa boti ndogo ya tanga: pesa ianzie kwenye mlingoti

Ndugu yangu wa Malindi, nimesoma swali lako. Umenunua boti ya faiba ya futi 30, kuukuu, unataka kuitoa Lamu uende nayo Mahé wewe na mwenzako, na umetuwekea orodha ya vya kununua: sola, rada, friji, simu ya setilaiti. Mimi ni fundi wa boti hapa Shela, kisiwani Lamu, na njia hiyo nimeshaipita nikiwa baharia wa watu. Orodha yako si mbaya, ila haina hata kitu kimoja kinachoshika mlingoti.

Anza na nyaya zake. Waya wa stenlesi kwa kawaida haukatiki katikati, hukatika pale unapoingia kwenye kichwa chake cha kubanwa, hasa cha chini, maana maji ya chumvi huteremka na waya yakatuama mle. Chukua kitambaa cha pamba ukipitishe taratibu juu hadi chini. Kikinasa, uzi mmoja umeshakatika, na waya huo ni wa kutupwa, si wa kutengenezwa. Kisha fungua yale mabamba ya chuma yanayopita kwenye sitaha kushika nyaya. Wengi hawataki kuyagusa kwa sababu kwa nje yanang'aa. Stenlesi hujilinda ikipata hewa. Ikibanwa ndani ya sitaha yenye unyevu, huliwa huko huko na wewe huoni. Iliwahi kuingia boti hapa, upande mmoja mlingoti umeshikwa kwa kamba za nailoni tupu. Bamba lilikatika usiku, katikati ya bahari. Tulipolitoa bamba mwenzake, kwa juu lilikuwa kama jipya, lakini sehemu iliyofichwa ndani ya sitaha ilikuwa imebaki nusu ya unene wake. Kwa hiyo kama aliyekuuzia hajui nyaya zina umri gani, badilisha zote, hata kama friji itasubiri mwaka mwingine.

Usukani nao, boti ikiwa nchi kavu, ushike kwa mikono miwili uutikise. Ukicheza, bushi zimekwisha. Toboa tundu dogo chini kabisa ya bamba la usukani uone kama maji yanadondoka, maana faiba ya usukani hunywa maji na chuma cha ndani kikaoza. Beba kana ya akiba, yaani mkono wa kugeuzia usukani. Na kwa watu wawili, chombo kinachoshika usukani chenyewe kwa nguvu ya upepo ni bora kuliko otopailoti ya umeme inayomaliza betri. Kushika kana usiku na mchana ndiko kunakochosha watu wakaanza kukosea.

Vali za chini ya maji zikwaruze kwa kisu. Shaba ya manjano ikionyesha rangi ya waridi, zinki imeshatoka, na siku yoyote itavunjika mkononi. Kando ya kila vali funga kizibo cha mti laini cha kuzibia tundu, usije ukakitafuta gizani maji yakiwa magotini.

Sasa majira. Wakati wa kusi, upepo wa msimu wa kutoka kusini, usijaribu: upepo unakupiga usoni na mkondo unakusukuma kaskazini, kwenye maji ya Somalia. Meli zilianza kutekwa tena na maharamia huko mwishoni mwa 2023, na wewe una futi 30. Toka na kaskazi, Januari au Februari. Mwanzo utakwenda joshi kidogo, upepo ukitoka mbele kwa upande, lakini ukisogea mashariki upepo huzunguka ukatoka kaskazini-magharibi, na majira hayo kuna mkondo unaoelekea mashariki kusini kidogo ya Ikweta. Ukichelewa hadi tanga mbili, kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, utaelea tu. Mahé iko nyuzi 4 na nusu kusini, nje ya njia ya kawaida ya vimbunga. Wale wanaokushauri ushuke Komoro au Mayotte kwa kaskazi hiyo hiyo waulize kuhusu vimbunga vya Kenneth, Aprili 2019, na Chido, Desemba 2024.

Njia ni karibu maili 900 za baharini. Kwa mwendo mzuri ni siku tisa au kumi, lakini maji uyahesabie siku 20: lita 4 kwa mtu kwa siku, watu wawili, ni lita 160. Gawa kwenye madumu, usiweke yote kwenye tangi moja, maana tangi likipasuka au chumvi ikiingia umekwisha. Chakula hakinisumbui, tende, mchele, ng'onda na ndimu ni akiba ya mabaharia wa pwani hii tangu zamani. Dizeli ndiyo isafishe. Uchafu hutulia chini ya tangi miaka na miaka, halafu wimbi la kwanza la bahari kuu linaukoroga wote na filta inaziba. Fungua tangi, lioshe, beba filta za kutosha.

Vifaa vya umeme: GPS mbili, redio ya VHF, na EPIRB iliyosajiliwa, yaani kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti. Isiposajiliwa, waokoaji watapata ishara bila kujua ni boti gani wala wampigie nani nyumbani.

Kabla ya yote hayo, ilete boti huku kwa kaskazi, tena usiku mmoja uwe safarini. Kushuka Lamu hadi Malindi ni raha. Kupanda ni kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, maili 70 na zaidi, na hapo ndipo utajua kinachovuja na nani anatapika. Pita mbali na Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma baharini. Ukifika Shela kwenye bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tutailaza mchangani maji yakipwa, tuangalie boliti za mkuku, ule uti wa chini ya boti. Boliti za stenlesi njoo nazo kutoka Mombasa, na ujue kipimo kabla ya kununua.