Kiingereza cha mapokezi: acheni kukariri maneno makubwa

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nimemaliza fomu foo, nataka kazi hotelini ila Kiingereza kinanipiga chenga. Nikariri maneno gani?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini najua wengi wenu mnatafuta hicho hicho: mapokezi, kuongoza watalii, au ajira Dubai. Nami mwezi huu nimepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa mapokezi kwenye hoteli moja hapa Unguja, kwa hiyo leo nitajisifu kidogo. Mnivumilie.

Nimesoma shule ya msingi ya serikali, Muheza. Miaka saba ya Kiswahili, halafu fomu wani ghafla baiolojia, jiografia, kila kitu kwa Kiingereza. Yale mafunzo ya kutuandaa yaliisha hata "he" na "she" tunazichanganya, maana kwetu wote ni yeye. Mwalimu mmoja alikuwa na mtindo wa kumsimamisha mtu mbele ya darasa, akikosea anaamuru wenzake wamcheke. Nilisimamishwa sana. Siku nilipopewa barua ya cheo nilimkumbuka yeye kabla ya mama yangu, Mungu anisamehe.

Miaka ya kuuza duka la shangazi naruka. Kilichonitoa ni kaunta buku. Niliandika vitenzi kwa hali zake tatu, take, took, taken, bring, brought, brought, na chini ya kila kimoja sentensi ya kazini, mfano "I took your bags to your room." Sentensi nzima, kwa sauti, kila usiku. Mtu anakariri "nevertheless" halafu anasema "he want". Hiyo "s" ya "he wants" ndiyo mgeni anaisikia kwanza, na anayekusaili kazi pia.

Kuna mahali Kiswahili chetu kinatutega kabisa. Mgeni anauliza: "So you don't have a room with a sea view?" Ulimi unataka kusema "Yes", yaani ndiyo, ni kweli, hatuna. Yeye anaelewa chumba kipo. Anatabasamu, anavuta begi, anasubiri ufunguo, na wewe unamtazama tu. Jibu ni "No, we don't." Kwa Kiingereza usimfuate muulizaji, fuata kitenzi cha jibu lako: kama unakanusha, anza na "no", hata kama unakubaliana naye. Vijana ninaowasimamia nawafundisha hili kabla sijawaonyesha kompyuta.

Mtego mwingine ni -me-. Sisi tunasema "amefika jana" na hakuna anayeshtuka. Ukisema "she has arrived yesterday" umekosea. Ukitaja jana, sema "she arrived yesterday". "She has arrived" iache bila siku. Na mizigo ni mingi kwetu, kwao "luggage" haina wingi, wala "information", wala "furniture". Andika sentensi zake, ndugu zangu, msiandike neno peke yake.

Halafu adabu. Kwetu "naomba pasipoti yako" ni maneno ya heshima, lakini ukijiambia tu kwamba unaomba kitu, ukatoa "Give me your passport", umetoa amri. Sema "Could I have your passport, please?" Hiyo "could" shuleni tulifundishwa ni "can" ya wakati uliopita, hapa haihusiani na jana wala juzi, ni upole tu.

Naona watu wananunua vijitabu vya Kiingereza cha siku thelathini, wengine wanalipia kozi ya kuiga lafudhi ya Marekani. Lafudhi ya nini? Wageni wangu wengine ni Wataliano na Wapolandi, nao Kiingereza wamejifunza ukubwani kama sisi. Wanachotaka ni kujua kifungua kinywa kinaanza saa ngapi, na hapo angalia: saa moja asubuhi kwao ni "seven o'clock". Mgeni ukimwambia "one o'clock" atashuka mchana na kukuta meza zimeshafutwa. Chukua kaunta buku, andika saa zote kumi na mbili kwa mtindo wao, na mbele ya kila moja sentensi: "Breakfast starts at seven." "The taxi is coming at half past nine." Soma kwa sauti. Jirani akicheka, ongeza sauti.