Simu inatetemeka usiku na hakuna arifa: usiifute kwanza

Mkuu, umesema simu yako ikiwa mezani inatetemeka usiku mara tatu nne hadi shemeji naye anaisikia, ukiishika hakuna meseji wala simu iliyopigwa, na shemeji ameshaanza kusema unafuta vitu kabla hajaviona. Wengine wamekushauri uirudishe kiwandani, yaani ufute kila kitu ndani yake, mmoja kakuambia upige *#21# ujue nani anakusikiliza, na mwingine kasema labda unaota. Subiri kidogo. Mimi haya yalinikuta mwaka juzi, na nilianza na hilo hilo la kufuta simu yote. Nikapoteza picha za msiba wa bibi ambazo sikuwa nimezihifadhi popote. Usiku ule ule simu ikiwa safi, haina hata WhatsApp, ikatetemeka juu ya stuli kama vile sijafanya kitu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba si kila mtetemo ni arifa. Arifa ina mwenyewe: kuna programu iliyoituma, na inaacha alama. Lakini kuna mitetemo ya simu yenyewe, ya kukujulisha chaji imeingia au simu imewaka upya, na hiyo huwezi kuikuta kwenye orodha ya arifa hata ukeshe. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jua kwanza wako ni wa upande gani.

Kama simu yako ni Android 11 au zaidi, ingia Mipangilio, Arifa, kisha Historia ya arifa, uiwashe leo kabla hujalala. Haikumbuki ya nyuma, inaanza kuandika tangu ulipoiwasha, na inakuwekea arifa za saa 24 zilizopita, hata zilizokwisha kutoweka kwenye kioo. Hapo ndipo unakuta mtu kakutumia ujumbe saa sita usiku akajutia akaufuta, au kumbe kuna programu ya mkopo uliyoisahau inakukumbusha deni lako. (Kama shemeji naye atataka kuiona hiyo orodha, ujipange. Inasema kweli kwa pande zote.)

Simu ya mama yangu tatizo lilionekana hapo hapo. Orodha nzima ilikuwa Chrome, Chrome, Chrome: "simu yako ina virusi", "umeshinda", na kadhalika. Aliingia tovuti moja ya kupakua tamthilia, ikamuuliza kama airuhusu imtumie arifa, akabonyeza Ruhusu ili kisanduku kiondoke machoni. Virusi havikuwepo. Nilishikilia arifa moja kwa kidole, nikaingia kwenye mipangilio yake, nikazima ile tovuti, yakaisha. Dakika mbili. Kabla ya hapo fundi alishamtoza hela ya kuondoa virusi, na hilo bado linaniuma.

Yangu orodha ilikuwa tupu. Hapo ndipo mtu anapoanza kuwaza wachawi na wapelelezi, na mimi niliwaza vyote viwili. Kuhusu *#21#: hiyo namba inakuonyesha tu kama simu unazopigiwa zinaelekezwa kwenda namba nyingine. Haisemi chochote kuhusu mtu aliyeweka programu ndani ya simu yako. Ukikuta zinaelekezwa na hukuweka wewe, piga ##002# zifutike zote. Na programu ya upelelezi inatengenezwa isijulikane ipo. Itakuwa ya ajabu ikiwa inakuamsha saa nane usiku. Hata hivyo nenda kwenye mipangilio uangalie ni programu zipi zina ruhusa ya ufikivu (Accessibility, inayoiwezesha programu kuona na kubonyeza vilivyo kwenye kioo), ya kusoma arifa, na ya usimamizi wa kifaa. Jina usilolijua likiwa humo, hilo ni la kulifuatilia, iwe simu inatetemeka au haitetemeki.

Basi nikachukua kidaftari. Usiku tano niliandika kila mtetemo: saa ngapi, simu iko wapi, iko kwenye chaja au haiko, data imewashwa au imezimwa. Ilikuwa kero, lakini siku ya tatu tu mambo yalianza kujionyesha. Mchana dukani, hakuna hata mmoja. Nyumbani jioni nikiwa nayo mkononi, hakuna. Usiku, yote kwenye chaja. Na data nilizima usiku wa pili, haikubadilisha kitu.

Kulikuwa na dalili nyingine iliyokuwa mbele ya macho yangu muda wote: kila ikitetemeka, kioo kiliwaka sekunde chache kikaonyesha asilimia ya betri. Hivyo ndivyo simu inavyofanya ukichomeka chaja! Maana yake simu ilikuwa inaona chaja imechomolewa na kuchomekwa tena, mimi nimelala.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta alikuja Jumapili akathibitisha. Aliwasha menyu ya wasanidi programu (unagonga namba ya muundo mara saba pale kwenye Kuhusu simu), akaruhusu utatuzi wa USB (yaani kompyuta iruhusiwe kuiamuru simu kwa waya), akaunganisha na kompyuta yake, akaandika amri hii ya adb, programu ya kompyuta ya kuongea na simu za Android:

adb shell dumpsys vibrator_manager

Hiyo ni kwa Android 12 kwenda juu. Za nyuma yake ni dumpsys vibrator. Inatoa maandishi mengi ya kutisha, lakini ndani yake kuna orodha ya mitetemo ya karibuni, muda wake na jina la aliyeiomba. Ingekuwa programu, ungeliona jina lake pale. Yangu iliandikwa "android" tu, yaani mfumo wenyewe. Kama una kijana wa kukusaidia, hii ndiyo njia inayomaliza ubishi. Ufanye mapema asubuhi kabla simu haijazimwa, maana ukizima na kuwasha orodha inaanza upya.

Kwa nini chaji ilikuwa inakatika? Nilidhani ni tundu la simu. Nikaizima, nikatoa vumbi na nyuzi za mfukoni kwa kijiti cha meno, taratibu, na kwa kweli kulikuwa na uchafu wa kutosha kujaza kijiko. Ikapungua lakini haikuisha. Usiku mmoja nikiwa macho nikasikia friji inaunguruma kuanza kazi, taa ya korido ikafifia, na papo hapo simu: vrrr. Friji na chaja yangu vilikuwa kwenye ekstensheni moja, ile ya bei rahisi, matundu yameshalegea. Friji ikivuta umeme kuanza, ile chaja ya kuokoteza ilikuwa inazima na kuwaka. Niliihamishia friji soketi yake ya ukutani, nikanunua chaja yenye heshima, na ekstensheni nikaitupa, maana nilipoifungua upande wa friji plastiki ilikuwa imeanza kuungua. Hilo lilinitisha kuliko mtetemo wenyewe.

Yako inaweza isiwe hiyo. Kidaftari kikikuonyesha inatetemeka kila baada ya dakika zile zile, kwa mfano tano tano, tafuta kikumbusho: Samsung wana kipengele ndani ya Ufikivu kinachorudia kukukumbusha arifa usiyoisoma. iPhone nazo kwa kawaida hurudia mlio wa meseji ya kawaida mara moja baada ya dakika mbili kama hujaifungua. Ikitetemeka kila unapofungua kioo, na kava lako ni lile la kuweka kadi, toa kadi ya benki. NFC (ile ya kusoma kadi kwa kuisogeza karibu) ikiwa imewashwa simu inaisoma kadi iliyo mgongoni mwake. Na asubuhi ikikudai namba ya siri badala ya kidole, huenda usiku ilijizima na kuwaka, na ule mtetemo ulikuwa wa kuwaka. Ikitetemeka mfululizo bila kuacha, hasa baada ya kuingia maji, hiyo ni ya fundi, usihangaike na mipangilio.

Na yule aliyesema labda unaota? Hilo nalo lipo, ila kwa simu iliyo mfukoni. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa wafanyakazi wa hospitali moja huko Massachusetts, Marekani, na asilimia 68 walisema wameshawahi kuhisi kifaa chao kinatetemeka kumbe hakijatetemeka. Lakini ya kwako iko mezani na shemeji naye anaisikia, kwa hiyo huoti.

Anza na historia ya arifa usiku huu, na kesho usiku ilaze bila chaja. Hayo mawili tu yatakwambia uende upande gani, kisha urudi hapa utupe majibu pamoja na aina ya simu.

Halafu hicho kidaftari mwonyeshe shemeji kabla hujaanza kukiandika. Changu mama watoto alikikuta chini ya mto, kurasa mbili za saa za usiku tupu, saa saba na robo, saa nane kasoro tano, hakuna maelezo mengine. Kukieleza kulinichukua muda mrefu kuliko kuligundua tatizo la friji.