Maswali ya wasomaji: Mazingaombwe ya vitabuni

Swali: Najifunza mazingaombwe ya karata kwa video, lakini marafiki wananikamata kila mara. Nimeshauriwa nisome vitabu vya zamani. Vitanifaa nini?

Jibu: Vitakufaa hapo hapo unapokamatwa. Video hukuonyesha vidole vinakokwenda. Mwandishi hana cha kukuonyesha, hivyo hulazimika kueleza kwa nini.

Chukua mbinu ya kurudisha karata ya mtazamaji juu huku ukichanga. Karata yake iko juu kabisa. Shika seti kwa ubavu mkononi mwa kushoto, kwa mkono wa kulia chomoa nusu ya chini, kisha anza kuichangia juu ya nusu iliyobaki. Karata ya kwanza iangushe peke yake, ichomoze kuelekea tumboni kwako kama nusu sentimita. Nyingine zichange kawaida. Ukimaliza, gumba la kulia lisukume juu ile iliyochomoza, mwanya ufunguke chini yake. Zote zilizo chini ya mwanya zichukue uzitupe juu: karata yake imerudi kileleni.

Wengi huichomoza mno, kisha wakazipanga za juu yake zikanyooka, nayo ikabaki nje kama ulimi. Ziache zikae ovyo kidogo, ndizo zinazoificha. Kosa baya zaidi ni macho. Mtazamaji hutazama unapotazama wewe, kwa hiyo ukiinamia mikono umejichongea. Mwinulie uso, muulize jambo, gumba lifanye kazi kwa kupapasa.

Swali: Nianze na kipi?

Jibu: Kwa karata, The Royal Road to Card Magic cha Hugard na Braue. Kinaanza na uchangaji huo huo na kukupa michezo ya kuufanyia kazi kabla hakijakupeleka mbele, usiruke sura. Kwa sarafu, Modern Coin Magic cha J. B. Bobo (1952). The Expert at the Card Table cha Erdnase, cha 1902, kinasifiwa sana, na kwa haki, lakini sehemu yake kubwa ni hila za meza ya kamari na kinamfaa mtu ambaye mikono yake imeshazoea karata. Modern Magic cha Professor Hoffmann (1876) kinategemea mifuko ya siri ya koti refu la jukwaani. Wewe chota mantiki, koti liache. Hivi viwili vya mwisho haki zake za kunakili zimekwisha, vinapatikana bure kihalali.

Swali: Michoro inanichanganya, kushoto kunakuwa kulia.

Jibu: Kabla ya kuiga mchoro, jua umechorwa kutoka upande gani. Mingine ni ya upande wa mtendaji, mingine ya mtazamaji, wakati mwingine kwenye ukurasa mmoja. Tafuta gumba liko wapi, kisha geuza mkono wako mpaka ufanane na mchoro. Soma karata zikiwa mkononi, sentensi moja kwa tendo moja. Ukiwa unatumia mkono wa kushoto, amua mapema kama utageuza maelekezo yote au hutageuza lolote. Kuchanganya ndiko kunakovuruga.

Kujizoeza mbele ya kioo nako kuna hila yake: wengi hufumba macho bila kujua katika sekunde ile ile ya siri, wasione kosa lao. Jirekodi kwa simu, kisha tazama kope zako kabla ya vidole.