Kabla hujabandika bango mtandaoni

Juzi kwenye warsha yetu ya vijarida vya panki, ule mtindo wa muziki wa uasi na wa kujitengenezea mwenyewe, hapa Nairobi nimewakuta vijana watatu wakipakua fonti, yaani herufi za kompyuta, iliyochanwachanwa tayari, na madoa ya fotokopi ndani yake. Iliniuma, kwani ndipo nilipoanzia. Basi wadogo zangu, sikieni.

1. Kateni kwa mkono. Jamie Reid, msanii wa Uingereza, kabla ya kuwatengenezea bendi ya panki Sex Pistols majalada ya santuri mwaka 1977, alishazoea kukata herufi magazetini kwa sababu pesa ya herufi za dukani haikuwepo. Mkato ule ulizaliwa na ukata. Ninyi mkasi mnao.

2. Karatasi ya A4 moja, mikunjo mitatu, mkato mmoja katikati: kijarida cha kurasa 8. Jaribuni na karatasi tupu kwanza.

3. Bei iandikwe mbele. Crass, bendi ya panki ya Uingereza, walichapa kwenye jalada la santuri bei ambayo mnunuzi asiizidishe.

4. Uso wa mtu. Hapa nitakaa kidogo. Tulitengeneza kijarida kuhusu maji, wakati mtungi wa lita 20 umefika shilingi 20 mtaani. Nilimpiga picha mama mmoja kwenye foleni, akiwa amekunja uso kwa hasira. Nilimwomba ruhusa ya kijarida, akakubali. Nakala 60, zigawiwe hapo hapo. Usiku nikaitazama ile picha: nyeusi tii, chembechembe zimejaa, panki kabisa. Nikaipandisha mtandaoni na maneno yake chini. Sikumuuliza. Asubuhi ilikuwa imesambaa, na watu wasiomjua wanasifu “mtindo”. Mwenye kioski cha maji naye aliiona. Wiki nzima mama yule alifukuzwa kwenye foleni, akawa anavuka reli na mtungi kichwani kutafuta maji kwingine. Nilifuta picha, nakala zake zilikuwa zimeshatapakaa. Nilipokwenda kumwomba radhi alinikaribisha chai, na kwa maji yale nilishindwa kuimeza. Aliniambia, “Mwanangu, mimi nilikubali karatasi.”

Kijarida kilichofuata tulikitengeneza naye. Jalada ni mtungi wake wa njano, ufa umezibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, mdomo umefungwa kwa nailoni. Yeye ndiye aliyechagua. Majirani waliutambua mara moja bila kuona sura ya mtu.

Kwa hiyo ruhusa ya karatasi ombeni, na ya mtandao ombeni tena, siku nyingine, mtu akiwa ametulia.

5. Hashitegi ya panki iwe ya mwisho. Jina la mtaa na bei ya maji vitangulie.

Kesho saa nne naja na magazeti ya wiki nzima. Leteni gundi.