Maswali ya Wasomaji: Kombe la kikapu la wadada wa vyuo Mwanza, tuwe chini ya wanaume au tusimame wenyewe?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni wadada wa vyuo vya hapa Mwanza tunacheza kikapu, tunataka mwaka huu tuwe na kombe la vyuo timu nane, za mjini, Malimbe na Nyegezi, na tunategemea wa Geita na Bukoba waje. Sasa kamati ya kombe la wanaume inasema tusijisumbue tuingie chini yao, wao wana mdhamini na marefa. Mwaka jana tuliingia hivyo hivyo, fainali yetu ikasogezwa mpaka giza likaingia, ikaahirishwa na mpaka leo haijachezwa. Tukubali au tukatae? Na tunaanzia wapi? (Mchezaji, Nyegezi)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa hiyo fainali. Kukataa kabisa sikushauri maana uwanja na marefa ni hela, mkigawana gharama mnapumua, ila kuingia chini yao kwa maneno ya mdomo ndo sitaki mfanye tena. Ingieni kwa maandishi, mna viti vyenu kwenye kamati, mna fungu lenu la bajeti na siku yenu ya fainali inajulikana kabla mpira haujarushwa.

Haya mambo hayajaanza Mwanza. Marekani wanawake wa vyuo walikuwa na chama chao, AIAW, kilianzishwa 1971 na ubingwa wake wa kikapu ukaanza 1972, na bingwa wa kwanza alikuwa Immaculata, chuo kidogo tu cha Kikatoliki huko Pennsylvania, kikabeba mara tatu mfululizo mpaka 1974. Halafu 1982 NCAA, chama kikubwa kilichokuwa kinaendesha michezo ya wanaume, kikaanzisha ubingwa wake wa wanawake, AIAW ikafa. Hela na televisheni vikaja kweli sikatai, ila viti vya maamuzi vikapungua. Sasa angalia mashindano ya NCAA ya 2021: wanaume wako Indianapolis na gym kamili, wanawake San Antonio wamewekewa kirundo kimoja cha vyuma vidogo vya mazoezi, mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, akarekodi video ikasambaa dunia nzima, uchunguzi ukafanyika, na 2022 ndo wanawake wakapewa timu 68 kama wanaume na ruhusa ya kutumia March Madness, jina maarufu la mashindano hayo ya wanaume. Miaka 40 baadaye! Kwa hiyo mkikaa na hao kaka zenu ombeni bajeti mbili, yenu na yao, ziwekwe pamoja mezani, maji, usafiri, posho za marefa, zawadi, mstari kwa mstari, palipo na tofauti waulizwe kwa nini.

Kamati yenu wenyewe iwe ndogo, na la muhimu kuliko yote, wanaosikiliza pingamizi na rufaa wasitoke kwenye chuo chenye timu. Ombeni chama cha kikapu cha mkoa na afisa michezo wawape watu. Muwe pia na mama mmoja anayeheshimika, asiye kocha wala kiongozi wa timu, ambaye mchezaji akisumbuliwa na mtu yeyote anampigia yeye moja kwa moja na namba yake imebandikwa chumba cha kubadilishia nguo. Hili msilione dogo. Na hela zisikae kwenye simu ya mtu mmoja hata kama ni mwaminifu kiasi gani, watu wawili wasaini na matumizi yatumwe kwenye grupu la timu zote kila jioni.

Ratiba sasa. Timu nane, makundi mawili ya nne nne, ni mechi 12, ongeza nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali, jumla 16. Uwanja mmoja mechi nne kwa siku inawezekana, mbili asubuhi kabla jua halijawa kali na mbili jioni, makundi yanaisha siku tatu, mnapumzisha miguu siku moja maana sakafu zetu nyingi ni zege na magoti yanaumia, halafu nusu fainali na fainali. Fainali ianze saa tisa na nusu, siyo saa kumi na moja, Mwanza ikikaribia saa moja usiku ni giza na wadada wanatakiwa warudi hosteli. Wekeni Juni au Julai kukiwa kikavu. Wa Geita siku hizi wanapita daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025, hawasubiri kivuko tena, ila wa Bukoba wakija na meli wanakuwa wamelala safarini, msiwapangie mechi ya asubuhi ile ile wanayoshuka.

Na mpira jamani! Wanawake wanacheza mpira wa namba sita, mkiazima mipira ya kaka zenu mtapewa namba saba, mzito na mkubwa, mtu anarusha unaishia mbele ya pete halafu anaambiwa hajui kushuti. Nunueni wenu. Pimeni na mstari wa pointi tatu, FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilihamisha kutoka mita 6.25 kwenda 6.75 mwaka 2010 na viwanja vingine bado vina rangi ya zamani.

SWALI: Mamluki tunawazuiaje? Kila mwaka kuna timu inaleta mtu hata chuo hasomi. (Kocha, Butimba)

JIBU: Kocha, dawa ni kufunga orodha mapema. Majina 12 yenye picha, namba ya usajili na muhuri wa chuo yafike wiki mbili kabla, yatumwe kwa timu zote zikaguane zenyewe, pingamizi la usajili liwe na mwisho wake kabla ya mechi ya kwanza. Adhabu iandikwe wazi: timu inanyang'anywa mechi kwa 20-0 na pointi sifuri, wakati timu iliyofungwa kihalali inapata moja na mshindi mbili. Andikeni pia kabisa kwamba timu zikilingana pointi mnaangalia kwanza zilivyokutana zenyewe, siyo tofauti ya alama za kufunga za kundi zima, la sivyo siku ya mwisho mtabishana mpaka usiku.

SWALI: Mwenzetu anavaa hijabu, mdau mmoja katuambia sheria hairuhusu. Ni kweli? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Siyo kweli. FIBA imeruhusu tangu Oktoba 2017. Isifunike uso, isiwe na pini wala kitu kigumu, na rangi iwe nyeusi, nyeupe au ya jezi. Kiandikeni hicho kipengele kwenye kanuni na mkisome kwenye kikao cha makocha na marefa, asije mtu akamtoa uwanjani siku ya mechi.